Mstari wa Kaka

Nilimfuta kaka yangu asubuhi ya Jumanne, kabla ya chai ya saa nne, na nikajiona mtu mwema. Nilikuwa kwenye chumba changu cha kupanga pale Bakoba, Bukoba mjini, mvua inapiga bati hadi redio ya jirani haisikiki. Nilifungua orodha ya watu wanaotunza sehemu mbalimbali za mfumo endeshi tunaouandika pamoja, sisi tuliotawanyika dunia nzima na tusioonana. Nikatafuta jina lake, nikaandika ombi litolewe. Nilimweleza msimamizi wetu, mzee mmoja wa ng'ambo nisiyewahi kumwona sura, kwamba mhusika amepata kiharusi na hataweza tena kazi hii. Akajibu kwa upole, akatoa pole, na jina likatoka. Kaka hakuulizwa. Mama naye sikumwambia.

Nilijiambia kwamba namwondolea mzigo. Watu walikuwa bado wanamtumia barua pepe za maswali, na kila moja iliyokaa bila kujibiwa ilinichoma mimi, si yeye. Nadhani ukweli ni huo wa mwisho.

Kaka ndiye aliyenitia kwenye kazi hii. Mfumo endeshi una kiini chake, sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na vyuma vyenyewe vya kompyuta, na watu wanaoandika humo si wengi huku kwetu. Yeye aliandika humo faili moja tu, dogo, la kuiwezesha kompyuta kusoma chipu ya kupima joto na unyevu, kwa sababu miaka hiyo alikuwa akifunga vipimo kwenye maghala ya kahawa. Faili lilipopokelewa, jina lake likaingia kwenye orodha kama mtunzaji. Alirudi nyumbani Kagoma, wilayani Muleba, na kreti la soda, akamweleza Mama kwamba sasa kuna kompyuta Ulaya zenye mistari yake ndani. Mama akauliza kama hao wa Ulaya wanaijua Muleba. Kaka akasema bado, lakini watazoea.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na sina mbele wala nyuma. Akanikalisha kwenye kiti cha pembeni mwake na kunifundisha, kwa ukali na kwa utani, miaka mitatu mfululizo. Nikikosea aliniita profesa. Nikipatia alikaa kimya, na huo ukimya niliusubiri kuliko kitu chochote.

Kiharusi kilimpata miaka miwili iliyopita, asubuhi, akifunga viatu. Mkono wa kulia ukalala. Lugha nazo zikaondoka, si zote. Kiingereza kilikwenda kwanza, Kiswahili kikafuata, akabaki na Kihaya cha maneno machache, kile cha utotoni cha kuomba maji na kusalimia. Daktari alituambia hutokea hivyo, kwamba lugha ya kwanza wakati mwingine hung'ang'ania zaidi. Mama alimshukuru Mungu kwa Kihaya. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu mambo yote tuliyokuwa tukizungumza, mimi na yeye, yalikuwa kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili, na sikujua ningezungumza naye nini tena.

Hapo ndipo tulipokosea, na nasema tulikosea kama ukoo, hata kama kijiji. Nchi nzima hututania sisi Wahaya kwamba ni watu wa nshomile, yaani mimi nimesoma, na kwamba mtu wetu akipata cheti hupiga Kiingereza hata kwa mbuzi. Utani una ukweli wake. Kwetu elimu ya mtu husikika mdomoni. Basi Kiingereza cha kaka kilipokwisha, tuliamini kwamba na elimu imekwisha. Waliokuja kumpa pole walimshika mkono, wakatoka hadi kwenye migomba, wakasema kwa sauti ya chini kwamba masikini, vitabu vyote vile vimepotea. Sikuwabishia. Nilirudi Bakoba na siku chache baadaye nikaandika lile ombi langu la Jumanne.

Mwaka huu nilipata nafasi ya kusafisha faili lake. Kusafisha ni kazi ya kawaida kwetu: unachukua mahesabu yaliyoandikwa kwa mzunguko, unayafanya mafupi na ya kusomeka, bila kubadilisha matokeo. Faili la kaka lilikuwa na hesabu moja iliyorudiwa mahali patatu, na kila mahali ilinikera.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chipu hutuma taarifa ikiwa imebananishwa kwenye safu ya biti, na kila biti ni sifuri au moja. Ukitaka biti tano za mwisho tu, unatengeneza kichujio, yaani safu yenye moja tano mfululizo, na kisichohitajika hakipiti. Namna ya kuzipata hizo moja tano ni kuchukua moja peke yake, kuisukuma kushoto mara tano, kisha kutoa moja. Ni kama katika hesabu za dukani: laki moja, yaani moja na sifuri tano, ukitoa moja unapata tisa tano. Kwenye biti unapata moja tano.

Mtu yeyote angesukuma mara tano akatoa moja. Kaka hakufanya hivyo. Yeye alisukuma mara nne, kisha akasukuma tena mara moja, ndipo akatoa moja. Kama anataka kumi na mbili, anasukuma kumi na moja, halafu moja. Mahali patatu pote, hivyo hivyo, na bila maelezo hata nusu mstari. Nilicheka peke yangu. Nikasema profesa naye, ndiyo haya uliyokuwa ukinigombeza nayo.

Nikaandika kiraka, hivyo ndivyo ninavyoyaita mabadiliko tunayotuma kwa barua. Sehemu tatu nikazikusanya kwenye fomula moja fupi, na misukumo miwili nikaifanya mmoja. Nikajaribu kwa biti tano, nane, kumi na mbili, ishirini. Nikajaribu na safu nzima ya chipu, thelathini na mbili. Kompyuta yangu ikatoa majibu sahihi yote. Ulikuwa mstari mzuri, hata sasa nasema ulikuwa mzuri.

Tunao utaratibu kwamba kiraka hakiendi kwa msimamizi bila nakala kwa mtunzaji wa faili. Nikaenda kwenye orodha kutafuta mtunzaji, kwa mazoea tu, na nikakuta nafasi tupu. Mimi ndiye niliyeifanya tupu. Jumamosi nikapanda basi la Muleba na kompyuta mpakato begani.

Nisijisifu. Sikwenda kumwomba ushauri. Nilikwenda kumwonyesha kama vile unavyompelekea mgonjwa picha za harusi asiyohudhuria.

Nilimkuta barazani, kwenye kiti chake chenye mito miwili, Mama pembeni akichambua maharage kwenye ungo. Nikafungua kompyuta mbele yake, nikamsomea kiraka kwa Kiingereza, polepole, kwa sauti kubwa kidogo. Kaka akatazama kuku. Nikarudia kwa Kiswahili. Akaendelea na kuku. Mama hakuinua macho kutoka kwenye maharage, akaniuliza kwa Kihaya:

"Kwa nini unamsemesha kama mgeni?"

Nilikasirika. Nikamuuliza Mama kama anajua Kihaya cha biti, maana mimi sikijui na hakuna anayekijua. Akasema hajui biti ni nini, lakini anajua mwanawe anaitikia kwa lugha gani. Akasukuma ungo kuja upande wangu, kana kwamba shida yangu ilikuwa kukosa maharage.

Basi nikayatumia. Nilichora vyumba kwenye vumbi la baraza kwa kijiti, thelathini na viwili, mstari mmoja mrefu hadi karibu na miguu yake. Nikaweka harage moja chumba cha mwisho kulia. Nikaanza kwa Kihaya changu cha sokoni: hili ni moja, pasipo harage ni sifuri. Nalichukua, nalipeleka kushoto vyumba vitano. Sasa natoa moja, angalia, yamejaa matano huku nyuma. Wewe ulikwenda vinne ukasimama, halafu kimoja. Mimi nakwenda mara moja tu, moja kwa moja.

Niliona mgongo wake ukiondoka kwenye mto. Macho yalitoka kwa kuku, yakaja kwenye vumbi, yakalipita harage hadi mwisho wa mstari kushoto na kurudi. Nilikuwa sijayaona macho yale kwa miaka miwili. Kisha akatikisa kichwa. Hapana.

Nikarudia. Akatikisa tena, kwa nguvu. Akainua mkono wa kushoto, akapiga goti lake, halafu akapiga kichwa chake. Goti, kichwa. Akanitazama. Goti, kichwa.

Mama akainuka ghafla. Alikuwa ameshaingia ndani na kutoka na dawa ya kuchua na vidonge vya maumivu, anamuuliza ni goti lipi, kichwa kimeanza lini. Kaka akausukuma mkono wake. Akapiga goti tena, kichwa tena, na sauti ikawa inamtoka bila maneno. Mama akapiga magoti akaanza kumchua, huku akisema mpola, bojo, mpola, yaani taratibu, tafadhali, na yeye akizidi kujipiga.

Mimi sikuona maumivu. Niliona kiburi. Niliona mwalimu wangu hataki mstari wake uguswe, na miaka mitatu ya kuitwa profesa ikanirudia yote. Nikafunga kompyuta, nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sababu niliamini hataelewa:

"Lakini si lako tena, Kaka."

Mkono ukasimama hewani. Akauteremsha taratibu, akaulaza mapajani juu ya ule mwingine, na akarudi kuwatazama kuku. Alikuwa ameelewa kila neno. Nilijua wakati huo huo, na bado sikusema samahani. Hiyo ndiyo tabia yangu na sijivunii.

Asubuhi yake nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, nimevimba macho. Mama alikuwa amekata mkungu mkubwa wa ndizi kwa ajili ya wageni wa kanisani, na jirani yetu, mama mmoja mwembamba wa umri wake, alikuja kuuchukua. Akakunja kitambaa kuwa ngata, akakiweka kichwani. Akachuchumaa. Akauinua mkungu hadi kwenye goti, akautuliza pale, akavuta pumzi, akaubadilishia mikono. Kisha akauinua tena, safari hii hadi kichwani, akanyooka na kwenda zake huku akisimulia habari za mjukuu wake.

Nimeona hivyo tangu nizaliwe. Hakuna mtu huku kwetu anayepandisha mzigo mzito kutoka chini hadi kichwani kwa mara moja, utakuponyoka. Hata hatufikiri. Na mimi mwenyewe nilifundishwa, nikiwa na miaka sita au saba, kwenye chemchemi iliyo chini ya kibanja chetu cha migomba, baada ya kumwaga dumu la maji mara mbili na kulia kwa hasira. Aliyenifundisha alikuwa na miaka kumi na minne. Aliniwekea dumu kwenye goti, akalishikilia hapo, akanicheka kidogo, akanihesabia: goti, sasa kichwa.

Chai iliniunguza kidole. Nilirudi ndani mbio, nikafungua kompyuta kwenye meza ya jikoni.

Kosa langu lilikuwa hili. Kompyuta yangu ni ya siku hizi, safu yake ina nafasi sitini na nne, kwa hiyo kusukuma mara thelathini na mbili kwake ni kutembea nusu ya njia. Bodi, yaani zile kompyuta ndogo za vipimo, alizokuwa nazo kaka kwenye maghala zilikuwa za zamani, za nafasi thelathini na mbili tu. Kwenye bodi kama hizo huruhusiwi kusukuma kwa upana mzima wa safu kwa mkupuo mmoja. Kanuni za lugha yetu ya kuandikia programu zinakataza, na ukikaidi kila chuma hufanya lake. Niliiagiza kompyuta yangu ijifanye bodi nyembamba, nikaendesha mstari wangu mzuri kwa biti zote. Mashine ikaona umbali ule ni sawa na sifuri, haikusukuma kabisa. Moja kutoa moja. Kichujio changu kikawa sifuri tupu, kikazuia kila kitu.

Nikaurudisha mstari wa kaka. Sukuma thelathini na moja, halafu moja. Ile moja ikatoka ukingoni, ikabaki sifuri, na sifuri ukitoa moja hapo inazunguka na kujaa: moja thelathini na mbili, safu nzima, bila pengo.

Nililia pale jikoni, moshi wa kuni ukinisaidia kuficha. Sikulia kwa sababu nilikosea. Nimekosea mara nyingi na nitakosea tena. Nililia kwa sababu alikuwepo muda wote, mzima, nyuma ya maneno machache ya Kihaya, na mimi ndiye niliyekwenda kuwaambia watu hayupo.

Kaka alikuwa ameshatolewa nje na kuketishwa barazani na uji wake. Nikakaa chini, kwenye vumbi, vyumba vyangu vya jana vimechakurwa na kuku. Nikapiga goti langu, nikapiga kichwa changu, nikamwambia kwa Kihaya kwamba ni thelathini na mbili, kwenye bodi ndogo.

"Ego," akasema. Ndiyo. Na kicheko kikamtoka, cha upande mmoja wa mdomo, kile cha wakati wa dumu.

Tulifanya kazi hadi jua likafika kwenye mlango. Nilimwonyesha kwamba sehemu tatu bado naziunganisha kuwa moja, akakubali. Misukumo nikaiacha miwili. Juu yake nikaandika maelezo ya kwa nini ni miwili, na hapo nilimgombeza yeye kwa Kihaya kibovu, kwamba angeandika sentensi moja tu zamani, tusingefika hapa. Akainua bega la kushoto. Mama aliuliza kama goti limepona. Nikamwambia halikuwahi kuuma, na akakasirika kwamba dawa yake imeisha bure.

Kisha nilibakiwa na lile jambo langu. Nilifungua ile orodha, nikamwonyesha nafasi tupu mbele ya faili lake. Kihaya changu cha kuombea msamaha ni cha mtoto, kwa hiyo nilisema kama mtoto: hapa palikuwa na jina lako. Mimi nimelitoa. Hukuniagiza. Niliwaambia huwezi.

Alitazama pale. Uji ulipoa. Mama aliacha kufagia. Nilitaka anikaripie, aniite profesa, anipige hata kofi kwa mkono ule mmoja, na hakufanya lolote kati ya hayo. Machozi yalimshuka jicho la kushoto, na la kulia ambalo halifumbi vizuri likabaki kavu. Kisha akasema neno moja la Kihaya, akalitafuta kwanza, akalipata, akalisema kamili. Maana yake ni nirudishe.

Nikaandika barua kwa msimamizi palepale, kompyuta ikiwa mapajani mwake ili aone. Ilikuwa ndefu, na kila sentensi nilimweleza kwa Kihaya nikiiandika. Nilieleza kwamba mwaka juzi niliharakisha, kwamba mhusika aliugua kiharusi lakini anaendelea vizuri, kwamba atahitaji msaada wangu na pengine atachelewa kujibu, na kwamba naomba radhi kwa usumbufu. Nilipomaliza nikamtazama. Kidole chake cha kushoto kilikuwa kinatambaa juu ya kioo, mstari kwa mstari, hadi kikafika kwenye neno la Kiingereza la kiharusi. Alilijua. Lilikuwa limeandikwa kwenye kila karatasi ya hospitali. Akagonga kioo, akatikisa kichwa.

Nikaifuta sentensi ile. Kidole kikasogea kwenye habari za kuchelewa na kusaidiwa. Nikafuta. Kikasogea kwenye kuomba radhi, nikamwambia hiyo ni yangu, radhi ni mimi ninayeomba. Akasubiri, kidole pale pale, mpaka nikafuta na hiyo.

Ikabaki sentensi moja ya kuomba mtunzaji wa faili hili arudishwe kwenye orodha, na jina lake chini. Nikamuuliza kama tuongeze hata salamu. Akatikisa kichwa, akanyoosha mkono wa kushoto, akatuma.